Maisha ya Daktari Ludwig Guttmann, Aliyewainua Waliopooza

Hata katika mitaa ya kanisa letu huku Songea yatukia mtu kuanguka mtini au kupinduka na pikipiki, akavunjika mgongo, asiweze tena kusimama. Ndugu zake humlaza chumba cha ndani wakingoja mwisho wake. Kwa ajili hiyo twapenda mwezi huu kuwasimulia habari za tabibu mmoja aliyekataa kungoja hivyo.

Ludwig Guttmann alizaliwa tarehe 3 Julai 1899 katika mji wa Tost, uliokuwa zamani zile katika Ujerumani, na leo umo katika nchi ya Poland. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Mwaka 1917 alitumika katika hospitali ya wachimba makaa ya mawe. Huko aliletwa mchimbaji kijana, mwenye nguvu nyingi, aliyevunjika mgongo. Waganga wakaamuru awekwe nyuma ya pazia, maana walimhesabu kuwa amekwisha kufa. Baada ya majuma machache akafa kweli, kwa sumu iliyoingia damuni. Jambo hilo halikumtoka Guttmann moyoni.

Akasoma uganga, akapata shahada mwaka 1924, akawa bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu huko Breslau. Lakini Hitler alipotwaa utawala mwaka 1933, Wayahudi walifukuzwa kazini, naye akabaki na hospitali ya Wayahudi tu. Usiku wa tarehe 9 Novemba 1938 masinagogi yalichomwa moto na watu wakakamatwa. Guttmann akaagiza kila atakayekimbilia hospitali apokewe pasipo kuulizwa neno. Kulipokucha askari wakaja kuwadai watu 64 waliopokewa; naye akapita kitanda kwa kitanda akiwatetea kuwa ni wagonjwa, na 60 wakaokoka. Mwaka 1939 akahamia Uingereza pamoja na mkewe na watoto wao wawili.

Tarehe 1 Februari 1944, vita ingali ikiendelea, alikabidhiwa idara mpya ya walioumia uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville. Wengi waliiona kuwa kazi isiyo na tumaini, kwa kuwa katika vita ya 1914 hata 1918 walio wengi wa majeruhi wa namna hiyo walikufa upesi. Guttmann akatambua kwamba kinachowaua si mgongo wenyewe, bali ni vidonda vya kulalia na uchafu unaoingia katika kibofu cha mkojo. Basi akaamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na mpira wa mkojo utiwe kwa usafi mkubwa. Mara nyingi alikuja mwenyewe usiku kutazama kama amri yake inafuatwa. Wagonjwa wakapona vidonda, wakafundishwa useremala na kutengeneza saa, wapate kurudi nyumbani wakiwa wenye kazi.

Kisha akaona ya kuwa michezo huimarisha mikono na kuondoa huzuni. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile ilipofunguliwa michezo ya Olimpiki huko London, watu 16 wenye viti vya magurudumu walishindana hospitalini pake kwa upinde na mishale. Mwaka 1960 wakakusanyika Roma watu 400 wa nchi 23. Mwaka 1972 Kenya na Uganda nazo zikapeleka wachezaji wao Heidelberg. Guttmann alifariki tarehe 18 Machi 1980.

Siku hizi wataalamu wameendelea mbele. Katika nchi yetu, tangu mwaka 1981 kipo chuo huko KCMC, Moshi, kinachofundisha mafundi wa miguu ya bandia na vyuma vya kuimarisha viungo. Na mwaka 2018 wataalamu wa Lausanne, katika Uswisi, walitangaza kwamba watu watatu walioumia uti wa mgongo wametembea tena kwa kusaidiwa, baada ya kutiwa chombo kidogo kipelekacho umeme katika uti wa mgongo, pamoja na mazoezi ya miezi mingi.

Twamshukuru Mungu kwa maarifa haya. Lakini tusisahau, ndugu, kwamba chombo hakiwezi kumfaa mtu aliyekwisha kuoza kwa vidonda nyuma ya pazia. Dawa ya kwanza ya Guttmann ilikuwa mikono iliyomgeuza mgonjwa saa kwa saa, na mikono hiyo imo katika kila nyumba. Wale watu wanne wa Kapernaumu hawakuwa waganga, ila walimbeba mwenzao wakatoboa dari. Basi walimu na wazee wa kanisa, mwulizeni kila mwenye nyumba: ni nani aliyelala chumba cha ndani? Mfikeni, mwafundishe jamaa zake kumgeuza na kumweka safi, nanyi mfanye shauri la kumfikisha hospitali mapema.