SOKOINE: WAZIRI MKUU ALIYEACHIA KITI KISHA AKAITWA TENA

Leo tukumbushane kidogo, hasa sisi wa form four tuliosoma historia kwa kukariri ili mtihani upite.

Wiki iliyopita hapa Murusagamba palizuka ubishi kijiweni. Jamaa mmoja akadai mawaziri wakuu waliojiuzulu nchi hii ni wawili tu: Mwalimu Nyerere Januari 1962, na Edward Lowassa Februari 2008. Mimi nikamuunga mkono kwa sauti ya juu kabisa. Babu yangu alikuwa pembeni na redio yake, akauliza mbona tumemsahau Sokoine. Nikacheka. Nikamjibu kwamba Sokoine alifia madarakani, hata mtoto wa shule ya msingi anajua. Babu akatikisa kichwa, akaniambia nikasome vizuri. Nimesoma, na leo nakiri mbele yenu: mzee alikuwa sahihi, mimi nilijua nusu tu ya habari.

Edward Moringe Sokoine alizaliwa Monduli, Agosti 1, 1938, katika jamii ya wafugaji wa Kimasai. Alisoma Monduli, kisha sekondari ya Umbwe kule Kilimanjaro. Mwaka 1961 akajiunga na TANU, akaenda Ujerumani kusomea utawala, akarudi kufanya kazi ya utendaji kwao Umasaini. Mwaka 1965 akaingia bungeni akiwa na miaka 27. Yaani umri ambao wengi wetu bado tunaomba nauli nyumbani! Mwaka 1967 akawa naibu waziri, na 1972 akapewa Wizara ya Ulinzi na JKT.

Februari 13, 1977, Mwalimu akamteua Waziri Mkuu kumpokea Rashidi Kawawa. CCM ilikuwa na siku nane tu tangu izaliwe. Na kazi yenyewe haikuwa lelemama. Mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia mkoa wetu, wakati huo ukiitwa Ziwa Magharibi. Sisi wa Ngara tuko kusini, tunapakana na Burundi na Rwanda, lakini vita ilitugusa. Babu alikuwa mgambo, usiku halali, analinda kijiji. Aprili 1979 Kampala ikaanguka, watu wakashangilia. Ila vita ilikula fedha nyingi, mafuta nayo yakapanda bei duniani. Madukani sukari hakuna, sabuni hakuna, chumvi ya kubahatisha.

Sasa tufike pale niliposhindwa ubishi. Baada ya uchaguzi mkuu wa Oktoba 1980, Mwalimu alipanga serikali mpya, na Sokoine hakuwamo. Alikuwa ameomba kupumzika kwa sababu ya afya. Novemba 7, 1980 akakaa pembeni. Hakuna kashfa, hakuna kamati ya Bunge kama ile ya Richmond iliyomng'oa Lowassa.

Nani achukue nafasi? Wenzetu Uingereza, waziri mkuu akijiuzulu, wagombea wa chama chake hujitokeza hadharani na kupigiwa kura. Kwetu mambo yalikuwa tofauti. Watu walitaja majina vijiweni, lakini kura yenye uzito ilikuwa moja tu, ya Rais. Mwalimu akamchagua Cleopa Msuya, mtu wa Mwanga, aliyekuwa amepitia wizara za fedha na viwanda. Uchumi ndio ulikuwa unauma, akachukuliwa mtu wa uchumi.

Lakini hali haikutulia. Februari 24, 1983 Mwalimu akamrudisha Sokoine kwenye kiti kilekile, Msuya akaenda Fedha. Hapo ndipo moto ukawaka: vita dhidi ya wahujumu uchumi. Waliokuwa wanaficha bidhaa, walanguzi na wapitisha magendo mipakani wakasakwa nchi nzima. Watu walitupa mali usiku, wengine mitoni, wengine porini. Babu alikuwa na kibanda chake na maboksi mawili ya sabuni. Kwa woga akayazika migombani. Mvua ikanyesha, sabuni ikayeyuka yote! Anasimulia huku anacheka, ila anasema siku zile hakucheka.

Tusimpambe tu, tuseme na upande wa pili. Sheria ya mwaka 1983 ilianzisha mahakama maalumu ambako mtuhumiwa hakuruhusiwa kuwa na wakili. Iliwabana na watu waliokamatwa hata kabla haijapitishwa. Mwaka uliofuata ikabidi ibadilishwe. Nia inaweza kuwa safi na njia ikaumiza watu wadogo. Lakini ni mwaka huohuo wa 1983 ambapo mabasi madogo ya watu binafsi yaliruhusiwa kubeba abiria Dar es Salaam, haya tunayoita daladala. Kwa hiyo hakuwa mtu wa kukamata tu.

Aprili 12, 1984 alikuwa anatoka bungeni Dodoma kwenda Dar es Salaam kwa gari. Dakawa, Morogoro, msafara wake ukapata ajali, akafariki. Alikuwa na miaka 45. Babu anasema kijiji kizima kilikusanyika kwenye redio moja na hakuna aliyeongea. Akazikwa kwao Monduli Juu.

Safari hii kiti kiliachwa na kifo. Siku 12 baadaye akateuliwa Salim Ahmed Salim, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Mwaka 1985 Mwalimu aling'atuka, na CCM ikampendekeza Ali Hassan Mwinyi. Mpaka leo wazee wengi wanaamini kama Sokoine angekuwa hai, jina lake lingekuwa la kwanza. Hilo hatutajua.

Ninachojua ni hiki. Sisi tumefundishwa kifo chake tu, ile Novemba 1980 tumeiruka. Huku kwetu mtu akipewa hata uenyekiti wa kikundi cha kuweka na kukopa, kumtoa ni kazi. Anaona akiachia ameshindwa, ameaibika. Sokoine aliachia cheo kikubwa namna ile, nchi haikuanguka, na heshima yake haikupungua. Miaka miwili na ushee baadaye aliitwa tena. Angeng'ang'ania huku anaumwa, sijui kama wangemhitaji tena.

Babu nimeshamwomba radhi, na soda nimemnunulia.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Kwenye mtaa wako kuna kiongozi gani aliyeachia mwenyewe, kwa hiari? Na wazee wenu wanasemaje kuhusu mwaka 1983? Mwageni maoni hapo chini, ila matusi hapana.