Fransisko na sehemu ya bustani isiyolimwa

Mtakatifu Fransisko wa Assisi tumezoea kumchora akiwa na ndege mabegani, hata tukadhani alikuwa mtu wa ndoto tu. Maisha yake yalikuwa magumu kuliko picha hiyo. Alizaliwa Italia mwaka 1181 au 1182, mtoto wa Pietro Bernardone, mfanyabiashara wa vitambaa, akakua akipenda karamu na mavazi. Mwaka 1202 alikwenda vitani dhidi ya Perugia, akatekwa, akakaa kifungoni karibu mwaka mzima. Alirudi amebadilika. Mwaka 1206 alivua nguo zake mbele ya Askofu wa Assisi, akamrudishia baba yake.

Ndugu waliomfuata waliishi kwa kazi za mikono na kwa kuomba, nao walikuwa na bustani ya mboga. Thomas wa Celano, mmoja wao, aliandika jambo ambalo ni nadra kulisikia mahubirini. Fransisko alimwagiza ndugu mtunza bustani asijaze mboga kila mahali. Aache sehemu ambapo majani na maua ya porini yataota yenyewe. Waliokata kuni aliwakataza kuumaliza mti wote, ili uchipue tena. Wakati wa baridi kali aliagiza nyuki wawekewe asali au divai nzuri wasife. Huyu alikuwa maskini anayeomba chakula, na bado hakuiona ardhi ile kuwa hasara! Mwaka 1979 Papa Yohane Paulo II alimtangaza msimamizi wa watunza mazingira, na mwaka 2015 Papa Fransisko akaitaja bustani hiyo katika waraka wa Laudato Si'.

Sisi wa Kibeta tungepaswa kumwelewa haraka. Kibanja cha wazee wetu kilichanganya migomba, mibuni chini yake, maharage, magimbi, miti ya kivuli, na mlamula mpakani. Nyuki, ndege na vinyonga walipata chao humo. Siku hizi nyumba mpya inazungukwa na ukoka mtupu uliokatwa hadi chini, na ua wa mmea mmoja. Ni safi machoni, lakini nyuki hakuti ua, na ndege hapati mdudu wa kulishia makinda. Kule rweya tunajaza misonobari, safu kwa safu. Simlaumu anayesomesha watoto kwa mbao. Nauliza tu kama katika eneo lake ameacha hata hatua kumi.

Fransisko alipata madonda ya Bwana huko La Verna mwaka 1224. Akiwa karibu kipofu, alitunga wimbo wa kumsifu Mungu kwa ajili ya jua, maji, na ardhi pamoja na maua yake. Jioni ya tarehe 3 Oktoba 1226 alifariki akiwa na umri wa miaka 44 hivi. Aliomba alazwe uchi juu ya udongo. Ndugu walisimulia kuwa ndege wadogo, wa jamii ambayo huimba mchana, walikuja giza likiingia wakazunguka juu ya paa kwa muda mrefu.