Joseph Whitworth: Mwingereza aliyezipatanisha nati na bolti

Nunua bomba la chuma la nusu inchi Gerezani, Dar es Salaam, halafu koki kanunue duka lingine kabisa, hata ikiwa imetoka kiwanda kingine na nchi nyingine. Fundi bomba atalibana bomba lako, atalipaka oili kidogo na kuzungusha dai kwa mikono mpaka meno yatokeze. Akimaliza, koki inaingia kama vile vilitengenezwa pamoja.

Leo hakuna anayeshangaa. Miaka 200 iliyopita, hata London, hilo lilikuwa jambo la kubahatisha. Mtu aliyechangia sana kulibadilisha ni mtoto wa mwalimu wa shule, Joseph Whitworth, aliyezaliwa Stockport, Uingereza, Desemba 21, 1803.

Akiwa na miaka 14 alipelekwa kwa mjomba wake aliyekuwa na kiwanda cha kusokota pamba huko Derbyshire. Mpango ulikuwa ajifunze biashara. Kijana akaipenda mitambo kuliko pamba yenyewe, na mwaka 1821 akaacha yote na kwenda Manchester kuwa fundi wa kawaida, mikono ikiwa na grisi.

Mwaka 1825 alifika London na kupata kazi kwa Henry Maudslay, fundi aliyeheshimika kuliko karibu wote wa wakati huo. Maudslay alikuwa na ugonjwa mmoja: meno ya skrubu. Aliyataka yawe safi na yalingane, na ndani ya karakana yake nati na bolti za saizi moja zilipatana.

Tatizo lilikuwa nje ya mlango wake.

Enzi hizo mafundi wengi walitengeneza meno kwa bamba la chuma kigumu lenye matundu. Unaingiza fimbo ya chuma kwenye tundu, unazungusha kwa nguvu. Bamba lile halikukata vizuri, lilikuwa likiukandamiza na kuuvuta ule chuma. Meno yanatoka yamechanika, mengine yamelala, fimbo nayo imejipinda. Anayejua kazi hii ataelewa maumivu yake, kwa sababu meno yakianza upande, hayanyooki tena mpaka mwisho.

Hata aliyekata vizuri alikata kwa vipimo vyake mwenyewe. Karakana hii inaweka meno 10 kwenye inchi moja, jirani anaweka 12, wa tatu ana meno yaliyochongoka, wa nne ya duara. Bolti ya mashine ikikatika, dawa ni kurudi kwa aliyeitengeneza au kuchonga nyingine ya kulingana na ile ile. Kama mwenye karakana amekufa, shauri yako. Na huu ndio wakati treni zilikuwa zinaanza kusambaa Uingereza, kila injini ikiwa na bolti kwa mamia.

Whitworth alirudi Manchester mwaka 1833 na kufungua karakana yake ya kutengeneza zana, huku kibao chake kikiwajulisha wateja kwamba fundi huyu ametokea London. Kujitangaza hakukuanza na mitandao.

Kisha akafanya kitu ambacho, kwa kweli, ndicho kilichomtofautisha. Hakutangaza kwamba meno yake ndiyo bora na wengine wote wamfuate. Alikusanya bolti kutoka karakana nyingi za Uingereza, akazipima moja moja, akatafuta wastani. Pembe ya meno iliangukia nyuzi 55. Akapendekeza ncha na mashina ya meno yawe ya mviringo kidogo ili yasivunjike kirahisi, na kila unene wa bolti uwe na idadi yake ya meno: bolti ya robo inchi meno 20 kwa kila inchi, ya nusu inchi meno 12, ya inchi moja meno 8.

Pendekezo hilo aliliwasilisha kwa wahandisi wa London mwaka 1841. Kwa kuwa lilitokana na bolti za watu wengi, hakuna aliyejiona ameshindwa na mpinzani wake. Kampuni za reli zililichukua, na wengine wakafuata.

Pendekezo peke yake lisingetosha. Karakana ya Whitworth iliuza pia dai na zana nyingine za kukatia meno, zilizokata chuma badala ya kukikandamiza. Fundi aliyezinunua aliweza kuchonga ncha ya fimbo kwa tupa, akaivalisha dai ikiwa imenyooka, akapaka mafuta, akasogea mbele nusu mzunguko na kurudi nyuma kidogo ili kuvunja chenga. Meno yakatoka sawa na ya mtu aliye mji mwingine ambaye hawajawahi kuonana.

Mtihani mkubwa ulikuja na vita vya Crimea katikati ya miaka ya 1850. Jeshi la majini la Uingereza lilihitaji injini nyingi za boti za kivita kwa haraka. Vipuri vikagawiwa karakana mbalimbali, vikarudishwa na kuunganishwa, kwa sababu bolti zilikuwa zinazungumza lugha moja.

Whitworth mwenyewe hakuwa mtu mwepesi. Kwenye maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851 alionyesha mashine iliyoweza kupima tofauti ya sehemu moja ya milioni ya inchi. Baadaye akatengeneza bunduki yenye tundu la pembe sita. Mwaka 1860 Malkia Victoria alifyatua mojawapo kutoka mita zipatazo 365 na kupiga karibu kabisa na katikati ya shabaha, lakini jeshi halikuichukua kuwa bunduki yake ya kawaida. Yule aliyewaleta pamoja wenye karakana wote alibishana na wakubwa wa silaha kwa miaka.

Na meno yake yalipata mpinzani. Mwaka 1864, Mmarekani William Sellers alisema nyuzi 55 na ncha za mviringo ni mateso kwa fundi wa kawaida, akapendekeza nyuzi 60 na ncha bapa, rahisi kupima na kukata. Alikuwa na hoja. Bolti nyingi za leo, zikiwemo za gari na pikipiki, zina nyuzi 60.

Whitworth alifariki Monte Carlo, Januari 22, 1887, akiwa na miaka 83. Hakuacha mtoto. Sehemu kubwa ya utajiri wake ilirudi Manchester, na hospitali ya saratani ya Christie ni moja ya vilivyonufaika nao.

Kwenye mabomba, lakini, Sellers hakufika. Waingereza walipojenga reli na kutandaza mabomba ya maji Afrika Mashariki, walikuja na meno ya Whitworth. Bomba la nusu inchi linalokatwa leo Gerezani lina meno 14 kwa kila inchi, kwa pembe ya nyuzi 55.