Marehemu Mario Bava na Simu ya Usiku wa Manane

Askari yeyote aliyewahi kushika zamu ya usiku katika chumba cha simu anaifahamu hali hii. Kengele inalia, mlinzi anainua mkono wa simu, na upande wa pili hakuna jibu ila pumzi za mtu. Msemaji hana sura, hana cheo mabegani, wala hawezi kudaiwa kitambulisho. Sisi tulio jeshini na polisi tumewekewa neno la siri na utaratibu wa kuhakikisha, ili sauti tupu isije ikatuamrisha. Raia aliye peke yake chumbani mwake hana kinga hiyo. Mwongozaji wa filamu wa Kiitalia, Mario Bava, alilitambua jambo hilo, na mwaka 1963 akatengeneza kisa kifupi cha sinema kuhusu mwanamke mmoja, chumba kimoja na simu moja. Kisa hicho kilipovuka bahari, wenye mali walikigeuza kikawa hadithi ya mzimu. Kwa kuwa mambo yaliyompata Bava katika kisa hicho kimoja ndiyo yaliyompata karibu maisha yake yote, tumeona vema tuwasimulie wasomaji wetu habari zake.

Bava alizaliwa katika mji wa Sanremo, pwani ya kaskazini-magharibi ya Italia, Julai 1914. Baba yake, mzee Eugenio Bava, alikuwa mchongaji wa sanamu aliyeingia katika kazi ya sinema wakati ule filamu zilipokuwa bado bubu, akawa bingwa wa kuihadaa kamera. Mzee huyo alishiriki katika filamu kubwa iitwayo Cabiria, iliyotoka mwaka uleule aliozaliwa mwanawe. Kijana Mario mwenyewe alitamani kuwa mchoraji wa picha za rangi, lakini uchoraji haukumpa riziki, naye akaingia kazini chini ya baba yake. Tangu mwaka 1939 akawa mpigapicha za sinema, na kwa miaka ishirini alisimama nyuma ya kamera akiwatumikia waongozaji wengine. Miongoni mwao alikuwemo Roberto Rossellini, ambaye baadaye alipata sifa duniani kote.

Hapa yafaa tueleze ufundi wake, maana bila hayo mtu hawezi kumwelewa. Mwaka 1957 Bava alikuwa mpigapicha wa filamu iitwayo I vampiri, yaani wanyonya damu, iliyoongozwa na Riccardo Freda. Katika filamu hiyo mwanamke mzuri anageuka kikongwe mbele ya macho ya watazamaji, bila picha kukatwa hata mara moja. Watu walistaajabu. Kumbe siri ilikuwa katika rangi na taa. Mikunjo ya uzee ilichorwa usoni mwa mwigizaji kwa rangi ambayo haionekani chini ya taa za rangi namna moja, lakini hujitokeza mara taa zigeuzwapo kuwa za rangi nyingine. Kwa kuwa filamu yenyewe ilikuwa nyeusi na nyeupe, mtazamaji hakuona taa zikibadilika. Aliona ujana ukiyeyuka tu. Gharama yake ilikuwa rangi kidogo na vioo vya kuwekwa mbele ya taa.

Katika kazi nyingine alikata picha za majumba kutoka magazetini, akazibandika juu ya kioo, akakisimamisha kioo hicho mbele ya kamera; na mtazamaji akaamini kwamba ameona ngome nzima juu ya mlima. Wapiganaji wenzetu wataikumbuka hila iliyotumika huko El Alamein mwaka 1942, ambako Waingereza walitandaza jangwani magari na vifaru vya mbao na turubai ili adui asijue shambulio litatokea wapi. Jicho la rubani lilidanganyika kwa namna ileile. Tofauti ni kwamba Bava aliwadanganya watu waliolipa kiingilio kwa hiari yao.

Freda aliiacha ile filamu ya wanyonya damu kabla haijakwisha, na Bava akaimaliza kwa siku chache. Mwaka 1959 mambo yakawa yaleyale: Freda aliiacha filamu ya Caltiki, na Bava akaikamilisha. Mwaka huohuo mwongozaji Jacques Tourneur aliiacha filamu ya vita vya Maratona kabla ya mwisho, na kwa mara nyingine mtu aliyeitwa kuziba pengo alikuwa Bava. Kwa maoni yetu, mtu huyu alikuwa kama yule sajini ambaye kila afisa akiondoka yeye ndiye anayeshika kikosi, na siku ya gwaride jina linalosomwa ni la mwingine. Hatimaye kampuni ilimtuza kwa kumruhusu kuongoza filamu yake mwenyewe. Alikuwa amekwisha timiza miaka arobaini na mitano.

Filamu hiyo ilikuwa La maschera del demonio, ya mwaka 1960, iliyotokana na hadithi ya mwandishi Gogol. Inamhusu mwanamke aliyeuawa kwa kosa la uchawi na ambaye anarudi baada ya karne mbili kuwaandama wazao wa ukoo wake. Mwigizaji Mwingereza Barbara Steele alicheza sehemu mbili, ya mchawi na ya msichana asiye na hatia. Nchini Uingereza filamu hiyo ilipigwa marufuku, wala haikuonyeshwa hadi mwaka 1968. Nchini Marekani ilipokelewa kwa shangwe, na kampuni iliyoisambaza huko, American International Pictures, ikamwona Bava kuwa mtu wa kuleta faida. Urafiki huo na kampuni hiyo ndio uliozaa matatizo tunayotaka kuyaeleza.

Mwaka 1963 Bava alitoa filamu iitwayo I tre volti della paura, maana yake nyuso tatu za hofu. Ndani yake mna visa vitatu, na mzee Boris Karloff, mwigizaji maarufu wa sinema za kutisha, anavitambulisha kwa watazamaji. Kisa cha kwanza kinaitwa Il telefono.

Msichana aitwaye Rosy, ambaye sehemu yake ilichezwa na Michèle Mercier, anarudi nyumbani kwake usiku. Huyu ni mwanamke aliyeishi kwa kujiuza. Simu inalia. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili kimya. Kisha sauti inaanza kumweleza jinsi alivyovaa na anachokifanya muda uleule, na kumwahidi kwamba hatafika asubuhi akiwa hai. Rosy anatambua kwamba huyo lazima awe Frank, mwanamume aliyekuwa akimtawala katika biashara ile. Frank alifungwa gerezani kwa ushahidi wa Rosy mwenyewe, na sasa ametoroka.

Kwa hofu Rosy anampigia simu rafiki yake Mary. Wawili hawa walikuwa na urafiki wa ndani sana, ambao ulikuwa umevunjika. Mary anakubali kuja kulala naye, anamtuliza, na kumshauri aweke kisu chini ya mto. Ndipo mtazamaji anapojulishwa jambo ambalo Rosy hajui: sauti ile ya simu ilikuwa ya Mary. Yeye ndiye aliyeigiza sauti ya mwanamume, akijua kwamba Rosy akishikwa na woga atamkimbilia rafiki wa zamani. Rosy amelala, na Mary ameketi akiandika barua ya kuungama. Mlango unafunguliwa taratibu. Frank wa kweli amefika. Anamnyonga Mary kwa soksi ndefu ya kike akidhani ni Rosy, na anapogundua kosa lake anamwendea msichana kitandani. Rosy anakishika kile kisu chini ya mto na kumchoma. Kisa kinakwisha msichana akilia katikati ya maiti mbili.

Tunaomba ndugu zetu wa idara ya upelelezi wakitazame kisa hiki kwa macho ya kazi yao. Hakuna jini hapa, wala hirizi. Kuna shahidi aliyesema kweli mahakamani na ambaye hakulindwa mfungwa alipotoroka. Kuna vitisho vya simu, na aliyevitoa ndiye wa kwanza kufika kutoa pole. Bava alikuwa hodari wa mizimu kuliko karibu wenzake wote nchini Italia, lakini alipoishika simu aliona kwamba mzimu ungelipunguza jambo. Sauti ya rafiki iliyovaa sauti ya adui inatisha zaidi, kwa sababu inaweza kutokea mtaa wowote.

Waamerika hawakupendezwa. Filamu ilipoingia kwao kwa jina la Black Sabbath, walibadili mpangilio wa visa, wakaondoa muziki wa Mwitalia Roberto Nicolosi na kuweka wa mtu wao, Les Baxter. Kisa cha simu ndicho kilichoumia kuliko vyote. Urafiki wa ndani wa wanawake wale ulifutwa. Habari za biashara ya Rosy zilifutwa. Na Frank, badala ya kuwa mtoro wa gereza, akafanywa marehemu anayepiga simu kutoka kuzimu. Kwa namna hiyo lawama yote ilihama kutoka kwa watu walio hai ikawekwa juu ya mzimu. Yamkini waliogopa wachunguzi wa filamu na wazazi wa vijana waliokuwa wateja wao, na biashara ina sheria zake. Hata hivyo sisi hatuoni kwamba walichokipata kilishinda walichokitupa.

Walitupa pia mwisho wa filamu nzima. Katika nakala ya Kiitalia, Karloff anaonekana amepanda farasi akikimbia usiku msituni, akiwaaga watazamaji. Kisha kamera inarudi nyuma, na tunaona kwamba farasi ni wa bandia, na kwamba wafanyakazi wanakimbia wakizunguka na matawi ya miti mikononi ili msitu uonekane unapita. Bava alikuwa na ucheshi huo. Katika kisa cha tatu yumo maiti wa kike ambaye uso wake umewanyima watu wengi usingizi. Ni sanamu iliyotengenezwa na mzee Eugenio, wakati huo akiwa na miaka zaidi ya sabini. Mzee alifariki mwaka 1966.

Miaka iliyofuata Bava alifanya kazi bila kupumzika, aghalabu kwa fedha kidogo. Sei donne per l'assassino ya 1964 iliweka mfano wa zile filamu za upelelezi na mauaji ambazo Waitalia huziita giallo, yaani manjano, kutokana na rangi ya majalada ya vitabu vya namna hiyo. Katika Terrore nello spazio ya 1965, kwa masimulizi yake mwenyewe, sayari nzima ilitengenezwa kwa mawe mawili ya plastiki, vioo na moshi. Mwaka 1968 tajiri Dino De Laurentiis alimkabidhi Diabolik na fedha nyingi kuliko alizowahi kuziona. Bava alitumia sehemu ndogo tu, na alipotakiwa kutengeneza ya pili alikataa. Alizoea kuwa na watu wachache na uhuru wake.

Uhuru huo haukudumu. Mwaka 1973 alitengeneza Lisa e il diavolo, kazi aliyoithamini mno. Wanunuzi hawakuitaka. Mtayarishaji wake aliikatakata, akaongeza picha mpya za padri akifukuza pepo, maana wakati huo ulimwengu ulikuwa umeshikwa na filamu ya Kiamerika ya namna hiyo, na mwaka 1975 ikatolewa kama filamu nyingine. Mwaka 1974 alikuwa amepiga Cani arrabbiati, kisa cha majambazi walioiba mishahara ya kampuni na kuwashika mateka ndani ya gari, karibu filamu yote ikiendelea barabarani penye joto kali. Haina mzimu hata mmoja. Kampuni ilifilisika kabla kazi haijakwisha, mikanda ikazuiwa kwa amri ya sheria, na raia hawakuiona mpaka miaka ya 1990. Kwa maafisa wanaofundisha habari za utekaji nyara, hii ingefaa kuonyeshwa darasani.

Filamu yake ya mwisho ya sinema ilikuwa Schock, ya mwaka 1977, akisaidiwa na mwanawe Lamberto, ambaye baadaye akawa mwongozaji kwa haki yake. Kisha alimsaidia kijana Dario Argento katika hila za kamera za filamu Inferno. Alifariki Roma mwezi Aprili 1980, akiwa na miaka 65. Siku chache baadaye alifariki Alfred Hitchcock huko Marekani, na magazeti ya dunia yakajaa habari za Hitchcock.

Simu yenyewe haikunyamaza. Mwaka 1988 Mwitalia mwingine, Ruggero Deodato, alitoa Minaccia d'amore, ambamo msichana anaandamwa na simu zenyewe: mitambo inajiendesha na kuua watu bila mkono wa binadamu kuigusa. Inachekesha mahali pengine, wala hatuilaumu kwa hilo. Ndiyo njia ileile waliyoichagua Waamerika, ikafikishwa mwisho wake. Nakala halisi ya Il telefono ilirudi mikononi mwa watu kwa mikanda na santuri za video miaka mingi baada ya kifo cha Bava, na siku hizi mtu anaweza kuzitazama zote mbili usiku mmoja, ile ambayo mpiga simu ni marehemu, na ile ambayo yuko njiani anakuja kukufariji.