Marius Petipa, Fundi wa Baleti

Baleti ni mchezo wa kuigiza usio na maneno. Hadithi yote husimuliwa kwa miguu, mikono, uso na muziki. Hapa Kampala hatuna jumba lililojengwa kwa ajili ya baleti. Thieta yetu ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1959, ni nyumba ya michezo ya namna nyingi. Lakini siku hizi mwanafunzi wa Kawempe mwenye simu na bando dogo aweza kukaa kwao Kazo au Bwaise akawatazama wachezaji wa Moscow, London na Paris. Wakati wa ugonjwa wa Korona, shule zetu zilipofungwa mwezi Machi 2020, majumba makubwa ya Ulaya nayo yalifunga milango, na mengi yakaonyesha michezo yao katika intaneti bila malipo. Shule hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote mpaka Januari 2022. Basi mwenye bando alikuwa na siku nyingi za kutazama.

Atazamaye mchezo mmoja wa majumba mawili hustaajabu. Jina la mchezo ni lile lile, muziki ni ule ule, lakini hatua za dansi si sawa, na pengine hata mwisho wa hadithi ni mbalimbali. Hata hivyo kuna jina moja ambalo mara nyingi huandikwa mwanzoni mwa picha, nalo ni Marius Petipa. Mtu huyu alikufa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Inafaa tujue maisha yake, ili tujue ni kitu gani tunachotazama.

Petipa alizaliwa Marseille, mji wa pwani ya Ufaransa, tarehe 11 Machi 1818. Baba yake, Jean, alikuwa mchezaji na mwalimu wa baleti. Mama yake, Victorine, alikuwa mwigizaji. Kwa hiyo mtoto alizaliwa ndani ya kazi, kama mtoto wa mvuvi azaliwavyo karibu na mtumbwi. Jamaa hii ilihamia Brussels, na huko Marius alijifunza kupiga fidla na kucheza dansi. Mwenyewe alisimulia baadaye ya kuwa baba yake alivunja vijiti vingi vya fidla juu ya mikono yake akimfundisha. Alipanda jukwaani mara ya kwanza mwaka 1827, naye ana umri wa miaka 9.

Mwaka 1830 Wabelgiji waliasi utawala wa Waholanzi, na thieta ya Brussels ikafungwa. Maisha ya wazazi wake yakawa magumu. Tangu hapo kijana alikuwa mtu wa kutangatanga akitafuta kazi. Alikwenda Nantes, akavunjika mguu. Mwaka 1839 alisafiri na baba yake mpaka New York, lakini mshahara haukupatikana, wakarudi upesi. Alikaa Hispania miaka michache, akajifunza ngoma za nchi ile, lakini yasemekana aligombana na bwana mmoja mwenye cheo kwa sababu ya mwanamke, ikambidi aondoke. Wakati huo ndugu yake Lucien alikuwa amekwisha kupata sifa kubwa Paris. Marius hakuwa na sifa yo yote.

Mwaka 1847, alipokuwa na umri wa miaka 29, aliitwa kazini St. Petersburg, uliokuwa mji mkuu wa Urusi. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja tu. Lakini alifungamana na nchi ile kwa muda wa miaka 63, hata kufa kwake. Jambo moja litawafurahisha wanafunzi wa Kiswahili katika Kampala: Petipa hakukijua Kirusi vizuri mpaka mwisho wa maisha yake. Alikivunjavunja kama wengi wetu tunavyokivunja Kiswahili. Lakini alipoinua mkono au mguu kuonyesha dansi, wachezaji walimfahamu.

Kwa miaka mingi alikuwa mchezaji na msaidizi tu. Bahati yake ilifunguka Januari 1862, alipotunga mchezo mkubwa uitwao Binti Farao, ambao aliutengeneza kwa majuma kama sita. Ndani yake Mwingereza msafiri analala katika piramidi huko Misri, akaota kwamba yeye ni Mmisri wa kale apendwaye na binti wa mfalme. Binti huyo, akimkimbia mfalme wa Nubia, ajitupa katika mto Nili, na huko chini ya maji mungu wa mto aiita mito ya dunia ije kucheza mbele yake.

Sisi tulio Buganda tuna sababu ya kuukumbuka mwaka huo. Mwezi Februari 1862 Mwingereza wa kweli, John Speke, alifika katika kasri ya Kabaka Mutesa, na tarehe 28 Julai aliyaona maji ya Nili yakitoka ziwani, mahali ambapo leo ni Jinja. Nili ya Petipa ilikuwa ya mbao na rangi, na atafutaye Afrika ya kweli katika mchezo ule hataipata. Lakini watu wa St. Petersburg waliupenda mno, na mtungaji akapandishwa cheo. Mwaka 1871 alikuwa amekwisha kuwa mkuu wa baleti yote ya Tsar.

Kazi yake ilikuwa ya bidii sana. Nyumbani alikuwa na vijisanamu vidogo, akavipanga mezani kama kete, akavisogeza huku na huku, akaandika kila safu itakavyosimama. Alipofika kwa wachezaji, mpango wote ulikuwa tayari. Alitunga michezo zaidi ya 50, naye alitengeneza upya mingi ya watu waliomtangulia.

Mmoja wa michezo yake ni La Bayadère, wa mwaka 1877, hadithi ya mchezaji wa hekaluni katika Bara Hindi. Msichana huyo auawa kwa sumu ya nyoka, na mpenzi wake, askari shujaa, amwona tena katika ndoto. Hapo ndipo wasichana waliovaa nguo nyeupe wanaposhuka mteremko mmoja mmoja, kila mmoja akirudia hatua zile zile, mpaka jukwaa lote linajaa. Mtazamaji na ahesabu. Huko Paris atawaona 32. Huko London atawaona 24. Kisha atazame mwisho. Mchezo wa Paris, uliotengenezwa na Rudolf Nureyev mwaka 1992, wakoma katika ndoto. Ule wa London, uliotengenezwa na Natalia Makarova, waendelea mpaka hekalu linawaangukia waliotenda dhambi, kama Petipa alivyotaka. Ukikosa sehemu hiyo, mwuaji hapati adhabu, na hadithi inakuwa nyingine.

Mwaka 1890 alitunga The Sleeping Beauty, yaani Mrembo Aliyelala, pamoja na mtunga muziki Tchaikovsky. Petipa alimwandikia kila kitu: dansi hii iwe ya haraka, ile iwe ya polepole, na kila moja iwe na mapigo mangapi. Mtu angedhani amri nyingi kama hizo zingemfunga mtunga muziki, kumbe ulitoka muziki mzuri ajabu.

Mchezo unaotazamwa sana ni Swan Lake, yaani Ziwa la Bata-maji, wa mwaka 1895. Hapa lazima tutoe haki. Petipa alitengeneza sehemu za nyumbani kwa mfalme, lakini dansi za ziwani, wasichana waliogeuzwa ndege na mchawi, zilikuwa kazi ya msaidizi wake Mrusi, Lev Ivanov. Katika mchezo wa 1895 wapendanao wote wawili walijitupa ziwani, wakaonekana pamoja baada ya kufa. Lakini katika mchezo wa Mariinsky wa mwaka 1950 kijana amvunja mchawi bawa, na wote wawili wanaishi. Katika ule wa Bolshoi wa mwaka 2001 msichana hufa, na mwana wa mfalme hubaki peke yake. Katika ule wa London wa mwaka 2018 msichana hujitupa majini, na kijana huibeba maiti yake. Mwisho umebadilika kila mara. Lakini dansi ya ziwani, msichana anapokutana na kijana mara ya kwanza, hubaki karibu sawa popote. Hapo mtazamaji anaona mkono wa Ivanov, ambaye jina lake husahauliwa.

Uzee wa Petipa haukuwa mzuri. Mwaka 1903, alipokuwa karibu na umri wa miaka 85, mchezo wake uitwao Kioo cha Ajabu ulichekwa, na mkuu mpya wa thieta akamweka kando. Alikuwa amekwisha kuona mchezo wake wa Don Quixote ukibadilishwa na kijana Alexander Gorsky, wala hakupendezwa. Mwaka 1906 alitoa kitabu cha maisha yake, nacho kimejaa uchungu. Alifariki Gurzuf, katika Krimea, tarehe 14 Julai 1910, mwenye umri wa miaka 92.

Basi kazi yake iliokokaje? Dansi si nyumba wala picha. Mchezaji akiketi, imekwisha. Katika miaka ya 1890 Mrusi mmoja, Vladimir Stepanov, alibuni alama za kuandika dansi, kama muziki uandikwavyo. Wenzake waliandika michezo mingi ya Petipa wakati mwenyewe yu hai. Baada ya mapinduzi ya Urusi, Nicholas Sergeyev alitoka nchini akiwa na masanduku ya hati hizo, akazitumia kufundisha baleti London katika miaka ya 1930. Leo ziko katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Kwa hati hizo Alexei Ratmansky alitengeneza The Sleeping Beauty mwaka 2015. Mwenye kuutazama mchezo huo, kisha akatazama mwingine wa kawaida, ataona kwamba wasichana wa zamani hawakuinua mguu juu sana kama wa leo, bali miguu yao ilikuwa myepesi na ya haraka.

Kwa hiyo tunapolinganisha, tusiulize tu nani ameruka juu zaidi. Tuchague kipande kimoja kifupi, kwani bando halitoshi kila mara, tukitazame katika majumba mawili au matatu. Yale yanayotofautiana ni kazi ya mafundi waliokuja nyuma. Yale yanayopatana huenda ndiyo yaliyotoka kwa yule mzee na vijisanamu vyake.

Tena tutazame na kwetu. Baakisimba ya Buganda huchezwa katika mashindano ya shule zetu kila mwaka, na kila mwalimu huongeza na kupunguza ili ashinde. Si vibaya, kwani ngoma hai hubadilika. Lakini wazee walioicheza kwa namna ya zamani wanaondoka mmoja mmoja. Petipa aliokolewa na watu walioketi pembeni mwa jukwaa wakiandika. Simu ile ile ituleteayo Moscow mpaka Kawempe yaweza pia kumpiga picha bibi akifundisha ngoma uani kwake. Wanafunzi wenzangu, tuifanye kazi hiyo likizo hii, maadamu wapo wa kutufundisha.