Bibi Mary Tealby na Mbwa Wasio na Wenyewe

Msafiri aingiapo London kwa gari moshi kutoka upande wa kusini hupita mahali paitwapo Battersea, karibu na mto Thames. Hapo kando ya reli pana nyumba kubwa ambayo si hoteli, wala hospitali, wala shule. Wakaao humo ni mbwa na paka. Wengine walipotea, wengine walitupwa, na wengine wenyewe walikufa au walishindwa kuwatunza. Hawakuletwa humo wakae maisha. Kila mmoja anangojea mwenyewe aje amtwae, na ikiwa mwenyewe haji, anangojea watu wengine waje wamchukue wakaishi naye kwao. Tangu kazi hiyo ianze mwaka 1860, wanyama zaidi ya milioni 3 wamekwisha pokewa.

Mtu angedhani kwamba kazi kubwa kama hii ilianzishwa na mfalme au tajiri. Sivyo. Aliyeianzisha ni mama mmoja wa makamo, asiyekuwa na cheo wala mali nyingi, naye alianza na mbwa mmoja tu. Tena mbwa huyo alikufa. Maisha ya mama huyo yafaa tuyajue.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mary Bates. Alizaliwa Uingereza mwezi wa Desemba 1801. Alikuwa na ndugu mwanamume, Edward, ambaye baadaye alikuwa kasisi, na ambaye alimsaidia sana katika kazi yake. Mwaka 1829 Mary aliolewa na Bwana Robert Tealby, mfanya biashara ya mbao katika mji wa bandari wa Hull. Ndoa hiyo haikudumu vema. Baada ya miaka kadha wakaishi mbalimbali, na Bibi Tealby akahamia London kukaa na jamaa zake katika mtaa wa Holloway, upande wa kaskazini. Hivyo alipofika umri wa miaka 58 hakuwa na jambo lolote la kumfanya ajulikane na watu. Wengi wakifika umri huo huona kwamba kazi zao zimekwisha. Yake ilikuwa haijaanza.

London ya siku zile ilikuwa mji wa watu karibu milioni 3. Mitaa yake ilijaa magari ya farasi, matope na moshi wa makaa ya mawe, na ndani ya mitaa hiyo walizagaa mbwa wengi wasio na wenyewe. Watu waliwaogopa kwa sababu ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao wakati ule haukuwa na dawa wala kinga. Chanjo ya Louis Pasteur wa Ufaransa ilikuja baadaye, mwaka 1885. Basi mbwa akionekana anapepesuka kwa njaa, watu hawakungoja kuuliza. Walimdhania ana kichaa, wakampiga mawe.

Palikuwa na balaa jingine pia, nalo ni wezi wa mbwa. Watu hao walimwiba mbwa wa mtu mwenye uwezo, kisha wakamdai mwenyewe fedha ndipo wamrudishe. Mshairi mashuhuri Elizabeth Barrett aliibiwa mbwa wake, aitwaye Flush, mara tatu katika miaka ya 1840, na ilimlazimu kulipa ili ampate tena. Basi mbwa aliyetoka nje ya mlango wa kwao alikuwa katika hatari ya mawe, njaa na wezi, wala hapakuwa na mahali popote ambapo mwenyewe angeweza kwenda kumwulizia.

Siku moja katika mwaka 1860 rafiki yake Bibi Tealby, aitwaye Bibi Sarah Major, alimkuta mbwa njiani anakaribia kufa kwa njaa. Akamchukua mpaka nyumbani kwake. Bibi Tealby akaja, na wote wawili wakamtunza kwa kadiri walivyoweza. Lakini njaa ilikuwa imekwisha mshinda, akafa.

Watu wengi wangesikitika, wakamzika, wakasahau. Bibi Tealby hakusahau. Alitambua kwamba yule alikuwa mmoja tu, na kwamba wengine mfano wake walikuwa wakifa kila siku katika mitaa ile ile. Akaanza kuwaokota na kuwaweka katika chumba cha nyuma ya jiko. Wakazidi, na chumba hakikutosha. Akakodi uga wenye mazizi ya farasi hapo Holloway, na mwezi wa Oktoba 1860 nyumba ya mbwa ikafunguliwa. Tarehe 27 Novemba mwaka huo kamati yake ilikutana kwa mara ya kwanza katika ofisi za Chama cha Kifalme cha Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, chama ambacho kilikuwako tangu 1824. Ndugu yake, kasisi Edward Bates, alikuwa miongoni mwa waliomsaidia.

Hapo ndipo dhihaka ilipoanza. Gazeti la The Times, lililosomwa na wakubwa wote wa nchi, liliandika maneno ya kuwacheka waanzilishi, likaona ajabu kwamba watu wenye akili zao wanaweza kuwajengea mbwa nyumba. Wengine waliuliza kwa nini mama huyu asiwahurumie maskini, maana katika mji huo huo watoto wengi walilala njaa. Swali hilo halikuwa la upuuzi, na hata leo huulizwa. Lakini huruma si kama maji ya mtungi, ukimpa huyu kata moja yule akakosa. Mtoto aliyefundishwa kumpiga mawe kiumbe mwenye njaa hajifunzi kwa njia hiyo kumsaidia jirani yake. Bibi Tealby hakujibizana na gazeti. Aliendelea kukusanya michango na kuwalisha mbwa.

Sasa tutazame jambo lililoifanya kazi yake idumu, maana watu wenye huruma walikuwako kabla yake na kazi zao zikafa pamoja nao. Siri imo katika jina alilolipa nyumba yake. Aliiita Nyumba ya Muda ya Mbwa Waliopotea na Wenye Njaa. Neno kubwa hapo ni muda. Mtu apendaye mbwa sana aweza kuwakusanya 10, halafu 20, halafu 50, akawafungia uani mpaka chakula kikaisha na majirani wakachoka. Huyo hajawaokoa, amewahamisha tu kutoka taabu ya njiani kuwatia katika taabu ya uani. Nia ya Bibi Tealby haikuwa kuwaweka. Nia yake ilikuwa kuwapokea, kuwalisha, kuwaponya, kisha kuwatoa wende kwa watu. Kila mbwa aliyetoka aliacha nafasi kwa mwingine aliyeko njiani.

Kwa hiyo nyumba ilikuwa na kanuni. Mbwa aliyeletwa alingojewa siku 14. Mwenyewe akija katika siku hizo na kumtambua, alipewa mbwa wake baada ya kulipa gharama za kumtunza. Siku 14 zikipita pasipo mtu kuja, kamati ilikuwa na ruhusa ya kumwuza kwa mwenyeji mwingine, na fedha ikasaidia chakula cha wale waliobaki. Tena palikuwa na kanuni kwamba mtu aletaye mbwa asipewe zawadi yoyote. Msomaji asidhani ni choyo. Kama wangetoa zawadi, wezi wa mbwa wangefanya nyumba ile kuwa soko lao: wangeiba asubuhi na kupeleka jioni. Twaona hapa kwamba mama huyu alikuwa na moyo mwema, na kichwa chake nacho kilikuwa kinafanya kazi.

Mwaka 1862 yakafanyika maonyesho makubwa ya mbwa katika mtaa wa Islington, si mbali na Holloway. Mbwa wa fahari waliketi juu ya matandiko, na watu walilipa kuwatazama. Jarida lililoongozwa na mwandishi Charles Dickens lilichapisha makala kuhusu maonyesho hayo, kisha likawachukua wasomaji mpaka kwenye uga wa Bibi Tealby, kwa mbwa wasio na fahari yoyote. Makala hiyo iliisifu kazi yake. Ilikuwa bahati kubwa, maana wengi waliokuwa wakicheka wakaanza kufikiri.

Walakini Bibi Tealby hakupewa muda mrefu. Alishikwa na ugonjwa wa saratani, akatoka London kwenda mji mdogo wa Biggleswade, na huko akafariki tarehe 3 Oktoba 1865, akiwa na umri wa miaka 63. Alizikwa katika uwanja wa kanisa la mji huo. Aliifanya kazi yake kwa miaka 5 tu. Alipofumba macho, nyumba yake bado ilikuwa uga wa mazizi, fedha zilikuwa chache, na majirani walikuwa wakilalamika kwa kelele za mbwa. Hakupata kuona lolote kati ya haya yaliyofuata.

Mwaka 1867 sheria iliwapa polisi wa London mamlaka ya kuwakamata mbwa wazururao, nao walihitaji mahali pa kuwapeleka. Mwaka 1871 nyumba ikahama Holloway kwenda Battersea, ambako ipo mpaka leo. Mwaka 1883 paka nao wakaanza kupokewa. Mwaka 1885 Malkia Victoria akakubali kuwa mlezi wa chama hicho. Yule mama aliyechekwa na gazeti kubwa alikuwa amekwisha lala kaburini miaka 20.

Si haki kuficha upande wa pili. Mbwa walipozidi kuletwa na polisi, wengi hawakupata mtu wa kuwachukua, wakauawa, kwa sababu nafasi na chakula havikutosha. Jambo hili latuonyesha kwamba nyumba peke yake haitoshi, hata ikiwa kubwa namna gani. Mlango wa kuingilia ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni mlango wa kutokea, nao haufunguliwi na wenye nyumba, bali na watu wa mjini walio tayari kumpokea mnyama asiye wao. Ndiyo maana siku hizi Battersea huchunguza kwa makini nani apewe mbwa yupi, ili mbwa mkali asipelekwe penye watoto wadogo, wala mbwa apendaye kukimbia asipewe mzee asiyeweza kutembea. Wako pia walezi wa muda, watu wa kujitolea ambao humkaribisha mbwa nyumbani kwao kwa majuma machache, mpaka apone au azoee kuishi na watu, kisha humtoa kwa jamaa watakaokaa naye siku zote. Wasema wajuao kwamba kumpokea ni rahisi kuliko kumtoa. Lakini asipotolewa huyu, yule mwingine hana pa kuingia.

Sasa turudi kwetu. Karibu kila shule ya bweni ina mbwa anayelala nyuma ya jiko. Wanafunzi humpa ukoko wa ugali na kumpa jina. Halafu muhula unakwisha, malori yanakuja, masanduku yanapakiwa, jiko linazimwa. Nani amwulizaye yule mbwa atakula nini majuma yote ya likizo? Tulimfundisha kututegemea, kisha tukaondoka.

Hatusemi kwamba kila mwanafunzi aokote mbwa. Mbwa usiyemjua usimshike, maana kichaa cha mbwa kingaliko kwetu nacho huua. Mtu akiumwa na mbwa, na aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile. Lakini twaweza kumwambia mwalimu au bwana mifugo, mbwa wa shule akachanjwa. Twaweza kuwauliza wazazi, wapishi na majirani, kabla ya shule kufungwa, nani ana nafasi na moyo wa kumchukua. Twaweza kupatana ni nani atakayemlisha mpaka apatikane mtu huyo. Hayo hayahitaji fedha nyingi, yanahitaji mtu mmoja asiyesahau.

Bibi Tealby alikuwa mtu huyo. Mbwa wa kwanza alimfia mikononi, watu wakamcheka, na mauti yakamkuta kabla ya mavuno. Hata hivyo mlango alioufungua katika mwaka 1860 haujafungwa mpaka leo.