Mwalimu Nyerere: Uchoyo unaanzia kwenye hofu ya kesho

Kwa nini mtu anajilimbikizia mali? Mwalimu Julius Nyerere alikuwa na jibu lake, na Hanang ikaja kulipima.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akasoma Makerere, kisha Edinburgh, Scotland. Alipata shahada yake 1952, na falsafa ilikuwa kati ya masomo yake.

Mwaka 1962 aliandika kwamba ujamaa ni moyo wa mtu, sio kiasi cha mali alichonacho. Hoja yake ni hii: mtu analundika mali kwa sababu anaogopa kesho. Kama una uhakika wenzako watakutunza ukiugua au ukizeeka, utajilimbikizia ya nini?

Wafugaji wa Kibarbaig wa Hanang hawakuhitaji kufundishwa hilo. Malisho yao yalikuwa ya wote.

Lakini nchi ilitaka ngano. Kwa msaada wa Canada, shirika la umma NAFCO lilifungua mashamba makubwa 7 Hanang, na malisho mazuri yakaondoka. Wanakijiji wa Mulbadaw walishtaki wakashinda Mahakama Kuu. Kwenye rufaa, mwaka 1985, dai lao la ardhi likakataliwa.

Mwaka huohuo Mwalimu aling'atuka. Alifariki London, 14 Oktoba 1999.

Sasa chukua kipimo chake mwenyewe. Mfugaji aliyepoteza malisho ya wote akianza kung'ang'ania kipande chake peke yake, tulaumu tabia yake, au kile kilichomtia hofu?